Leza ya juu ya konea kwa wasioona mbali: PRK, LASEK, Epi-LASIK na Trans-PRK

Mtu wa Goma anayevaa miwani ya kuona mbali, akianza kuulizia operesheni ya leza, hurudishiwa majina mengi: PRK, LASEK, Epi-LASIK, Trans-PRK, na mara nyingi kila jina na bei yake. Karatasi za Kifaransa huandika PKR. Ni ileile PRK. Majina yote manne ni ya familia moja, ile ya leza inayofanya kazi juu ya konea, kioo cha mbele ya jicho, bila kukata kifuniko ndani yake kama inavyofanya LASIK, operesheni nyingine ya leza. Na katika zote nne leza hufanya kazi ileile. Kinachobadilika ni namna ya kuondoa ngozi nyembamba ya juu ili stroma, tabaka nene lililo chini yake, ichongwe. Tofauti hiyo huonekana katika wiki ya kwanza. Baada ya miezi sita ni vigumu sana kuiona. Anayechagua kwa jina peke yake anayaacha maswali mazito zaidi: unene wa konea yake, jua la huku kwetu, dawa za kudondosha, na nani atampima presha ya jicho akisharudi nyumbani.

Konea na hesabu yake

Konea ndiyo sehemu angavu ya mbele ya jicho. Katikati, unene wake wa kawaida ni mikroni 540 hivi, zaidi kidogo ya nusu milimita. Mikroni 50 hivi za juu ni epithelia, ngozi inayojitengeneza upya kila ikichubuka. Chini yake kuna tabaka la Bowman, mikroni 10 hivi, ambalo likiondoka halirudi. Inafuata stroma, karibu asilimia 90 ya unene wote, na hiyo ndiyo inayobeba nguvu na umbo la konea.

Mwenye miopia, yaani asiyeona mbali, ana jicho refu kuliko inavyotakiwa, au konea iliyopinda mno, hivyo mwanga hukusanyika mbele ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kufika juu yake. Leza haifupishi jicho. Hupunguza mpindo wa katikati ya konea, na mwanga ukasogea nyuma hadi kwenye retina. Inayotumika ni leza ya eksima ya argoni na florini, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 193, ambayo hukata viungo vya molekuli bila kuunguza tishu ya jirani. Mwaka 1981 watafiti wa IBM, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waligundua kwamba leza za aina hii huchonga tishu ya mwili kwa usafi huo. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel wa New York na wenzake wakachapisha kazi yao juu ya konea. Marekani iliidhinisha PRK mwaka 1995.

Kiasi kinachoondolewa hukadiriwa kwa kanuni ya Charles Munnerlyn: chukua upana wa eneo la kusahihishwa kwa milimita, uzidishe kwa upana huohuo, zidisha tena kwa idadi ya dioptri, yaani namba ya nguvu ya miwani, halafu gawanya kwa tatu. Jibu ni mikroni. Miwani ya −4 kwenye eneo la milimita 6.5 inatoa mikroni 56. Miwani ya −7 kwenye eneo hilohilo inatoa karibu 99. Mashine za sasa huchukua kidogo zaidi ya hapo kwa sababu hulainisha kingo, lakini kwa mgonjwa anayetaka kuelewa kesi yake kanuni inatosha.

Sasa chukua mtu mwenye konea nyembamba ya mikroni 480 na miwani ya −7. Kwa LASIK, kifuniko chenye unene wa mikroni 110 hukatwa kwanza. Kifuniko hicho hurudishwa mahali pake, lakini hakiibebi tena konea kama zamani. Chini yake, leza ikimaliza, zinabaki mikroni 271. Kiwango cha chini kinachotajwa siku zote ni 250, na madaktari wengi waangalifu hutaka 300. Kwa leza ya juu, zinazotolewa kwenye hesabu ni mikroni 50 za epithelia, ambayo itaota tena, na 99 za stroma. Zinabaki 331 zinazobeba. Mikroni hizo 60 ndizo sababu kubwa ya kumpeleka mwenye konea nyembamba kwenye leza ya juu. Sababu ya pili ni kwamba hakuna kifuniko cha kuhama. Kwa motari (dereva wa pikipiki), askari, mlinzi, mcheza ndondi, au yeyote ambaye kazi yake inaweza kumletea kidole au tawi jichoni, hilo lina uzito miaka mingi baada ya operesheni, maana kifuniko cha LASIK kinaweza kusogezwa na pigo hata muda mrefu ukishapita.

Unene pekee haumwidhinishi mtu. Konea nyembamba inaweza kuwa nzima, na inaweza kuwa mwanzo wa keratokonasi, ugonjwa wa konea kulegea na kuchongoka. Keratokonasi ikichongwa kwa leza, kwa mbinu yoyote kati ya hizi, huharibika zaidi. Hutambuliwa kwa topografia ya konea, ramani ya mpindo inayochorwa na mashine ya pekee. Huku kwetu, ambako vumbi la makoro, yaani mawe ya lava, na mzio huwafanya watoto na vijana kusugua macho mwaka mzima, kipimo hicho hakirukwi. Kliniki inayokuwekea tarehe ya operesheni kabla ya topografia haistahili jicho lako.

Namna nne za kuondoa epithelia

PRK ndiyo ya kwanza na ndiyo rahisi kuliko zote. Jicho hutiwa matone ya ganzi, kope hushikiliwa wazi na kifaa kidogo cha chuma, kisha daktari hukwangua epithelia kwa chombo butu au kwa brashi inayozunguka, eneo la milimita 8 au 9. Wengi hutanguliza alkoholi ya asilimia 20 ndani ya kikombe kidogo kilichokandamizwa juu ya konea, kwa sekunde 20 hadi 30. Epithelia hulegea na kuondoka kwa ujumla wake. Ngozi hiyo hutupwa. Inayoweza kuharibu ni muda. Stroma iliyo wazi hukauka, na leza hukata zaidi kwenye stroma kavu. Daktari akichelewa, mgonjwa anaweza kutoka amesahihishwa kupita kiasi. Stroma ikiwa na maji mengi, kinyume chake: maji hunyonya leza na sehemu ya miopia hubaki. Kwa hiyo daktari mzuri hukwangua haraka, hupangusa mara moja kwa sponji isiyo na maji mengi, na kuwasha leza.

LASEK ilienea mwishoni mwa miaka ya 1990, ikihusishwa na Dimitri Azar huko Marekani na Massimo Camellin wa Italia. Wazo lake lilikuwa kutoitupa epithelia. Kisu cha duara huchora mkato usiozidi mikroni 70, ukiachwa wazi sehemu moja ya kushikia, mara nyingi upande wa juu. Alkoholi huwekwa sekunde 30 hivi, ngozi hukunjwa pembeni, leza hufanya kazi, kisha ngozi hutandazwa tena. Matumaini yalikuwa maumivu machache na kupona haraka. Shida ni kwamba alkoholi ileile inayoilegeza ngozi huua seli zake muda ukizidi. Ngozi iliyokufa ikirudishwa hailindi chochote. Epithelia mpya hulazimika kuota chini yake na kuisukuma, na kidonda hukawia kufunga. Tafiti nyingi zilizoilinganisha LASEK na PRK hazikupata tofauti ya maana katika uoni wa mwisho, na kuhusu maumivu majibu yamepingana.

Epi-LASIK, iliyotokana na kazi ya Ioannis Pallikaris na wenzake huko Krete mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliondoa alkoholi. Pete ya kufyonza hushika jicho, kisha ubao butu wa plastiki unaotikisika hupita chini ya epithelia na kuibandua kama karatasi moja. Pete hiyo hupandisha presha ya ndani ya jicho kwa muda mfupi. Hatari yake ya pekee ni ubao kuingia ndani ya stroma, hasa kwenye konea yenye kovu la zamani. Aliyewahi kuwa na kidonda cha konea utotoni, na hapa kwetu si wachache, asifanyiwe hii. Madaktari kadhaa waliishia kuitupa ngozi hiyo badala ya kuirudisha, na hapo Epi-LASIK inakuwa PRK iliyobanduliwa kwa mashine ghali zaidi.

Trans-PRK haigusi jicho kwa chombo kabisa. Leza yenyewe huondoa epithelia na kuendelea moja kwa moja kwenye stroma. Faida ziko wazi: hakuna alkoholi, muda ni mfupi, na kidonda kina upana uleule uliohitajika, hivyo hufunga mapema kidogo. Lakini mashine haijui unene halisi wa epithelia yako; hufuata kiwango kilichopangwa, kwa mfano mikroni 55 katikati na 65 pembeni. Mwenye epithelia nene kuliko hapo hubaki na miopia kidogo na eneo la kuonea hupungua. Mwenye nyembamba hupoteza stroma ambayo haikukusudiwa. Kwa hiyo swali la kuuliza hapa ni kama kliniki inapima unene wa epithelia kwa OCT, mashine inayopiga picha ya tabaka za jicho, kabla ya kuwasha leza. Ikiwa inapima, na miopia ni ndogo au ya kati, tunaona hii ndiyo njia nzuri zaidi leo. Kama haipimi, PRK ya alkoholi mikononi mwa daktari aliyeizoea haina upungufu wowote mbele yake. LASEK na Epi-LASIK hazistahili nyongeza ya bei.

Mitomisini, jua na ukungu

Jambo linaloweza kuharibu kazi nzuri ya mbinu yoyote kati ya hizi ni ukungu wa konea. Stroma ikishachongwa, baadhi ya seli zake hubadilika kuwa seli za kovu na kutengeneza tishu isiyopitisha mwanga vizuri. Ukungu mwepesi huonekana na daktari tu kwenye mashine yake. Mzito humrudishia mgonjwa sehemu ya miopia na kumfanya aone kama kupitia kioo kilichochafuka. Kwa kawaida hujitokeza baada ya mwezi wa kwanza, huzidi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha hupungua polepole. Lakini upo pia unaochelewa hadi karibu mwaka.

Kinachouongeza kinajulikana: kina kikubwa cha kuchongwa, epithelia iliyochelewa kufunga, na mionzi ya urujuanimno ya jua. Goma iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Mionzi hiyo huongezeka takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Ziwa Kivu huirudisha machoni kutoka chini. Maagizo yaliyoandikwa kwa mgonjwa wa Ulaya wakati wa baridi hayamtoshi mtu wa Goma au Bukavu. Huku miwani ya jua yenye kinga kamili ya UV, maandishi ya UV400, inayofunika hadi pembeni, ivaliwe kila mchana kwa miezi sita angalau, na mwaka mzima kwa waliochongwa mikroni nyingi. Kofia yenye ukingo iongezwe. Miwani myeusi ya barabarani isiyo na kinga ni mbaya kuliko kutovaa, maana giza lake hupanua mboni na mionzi hupita. Fundi wa miwani mwenye kipimo cha UV atakujulisha ya kwako kwa muda mfupi.

Kinga ya pili ni mitomisini C, dawa inayozuia seli kuzaliana. Sponji iliyoloweshwa dawa ya asilimia 0.02 huwekwa juu ya stroma mara tu leza inapozima, kwa sekunde 12 hadi 60 kwa wengi, wengine hadi dakika mbili, kisha jicho husuuzwa kwa maji mengi ya tiba yaliyopoa. Zamani ilihifadhiwa kwa miopia inayozidi −6 au kina kinachozidi mikroni 75 hivi. Madaktari wengi sasa huiweka kwa karibu kila mgonjwa, kwa sekunde chache. Kwa anayerudi kuishi kwenye jua letu, tungeitaka hata kwa −4. Kinachotisha ni makosa ya kuchanganya: dawa iliyozidi nguvu huweza kudhuru seli za ndani kabisa za konea, ambazo hazizaliani. Muulize daktari nguvu na sekunde, naye aandike kwenye karatasi yako.

Wiki ya kwanza

Leza inachukua sekunde chache kwa kila dioptri. Siku hiyo usipake manukato wala vipodozi. Mvuke wake huingilia mwali. Mwisho wa operesheni huwekwa lenzi laini isiyo na nguvu, kazi yake ni kufunika kidonda, na hubaki siku tatu hadi tano.

Maumivu huanza ganzi inapoisha, na siku ya kwanza hadi ya tatu ndiyo mbaya: kuwaka, machozi, kushindwa kufungua macho mbele ya mwanga. Vidonge vya maumivu, chumba chenye giza na kitambaa baridi juu ya kope zilizofumbwa ndivyo vinavyosaidia. Matone ya kupunguza uvimbe yasiyo ya kortizoni hutolewa kwa siku mbili tatu tu, kwani yakizidi huzuia kidonda kufunga. Na matone ya ganzi hayapelekwi nyumbani kabisa. Huondoa maumivu kwa dakika chache, na yakirudiwarudiwa huua epithelia mpya hadi konea ikaanza kuyeyuka. Watu wamepoteza jicho hivyo. Kama kuna mtu wa famasi anayejitolea kukutafutia kichupa, mkatalie.

Siku ya tatu au ya nne wengi hushtuka: uoni uliokuwa unaridhisha siku ya kwanza unaharibika. Epithelia huota kutoka ukingoni kuelekea katikati, na pande zikikutana huacha mstari ulioinuka mbele ya mboni kabisa. Mstari huo hulainika wenyewe. Kusoma bango la duka kunarudi ndani ya wiki moja au mbili, na uoni hutulia kati ya mwezi wa tatu na wa sita.

Dalili za kukimbilia kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku: maumivu yanayoongezeka baada ya kuwa yamepungua, usaha, wekundu unaozidi, au doa jeupe kwenye konea. Maambukizi ni nadra, lakini hula konea haraka. Kwa sababu hiyo antibiotiki hudondoshwa kwa kawaida mara nne kwa siku kwa wiki nzima, maji ya bomba na ya ziwa hayaingii jichoni, kuogelea Kivu kunasubiri mwezi mmoja, na majani au maziwa ya kutibia macho hayatumiki. Moshi wa jiko la makala na vumbi la barabarani hukausha na kukwaruza. Wiki ya kwanza mwingine apike, na ukipanda moto (pikipiki) vaa miwani inayoziba. Kuhusu safari, ndege haidhuru konea hii, lakini hewa yake kavu huibana lenzi. Chukua machozi ya kutengenezwa yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Aliyefanyiwa Nairobi au India asianze safari kabla lenzi haijatolewa na daktari hajathibitisha kwamba ngozi imefunga.

Kortizoni na presha ya jicho

Hapa ndipo wagonjwa wanaosafiri huachwa peke yao, na hapa ndipo tunapowaomba wawe makini kuliko penginepo. Baada ya operesheni mgonjwa hupewa matone ya kortizoni, kwa mfano fluorometoloni ya asilimia 0.1, mara nne kwa siku mwezi wa kwanza, tatu wa pili, na kuendelea kupunguza. Kortizoni hupandisha presha ya ndani ya jicho kwa baadhi ya watu, bila maumivu wala wekundu. Glakoma, ugonjwa wa presha ya jicho unaoharibu neva ya kuonea, huwashika Waafrika mapema na kwa ukali zaidi, na miopia kubwa yenyewe huongeza hatari hiyo. Juu ya hayo, konea iliyopunguzwa huidanganya mashine: presha inasomeka chini kuliko ilivyo. Namba inayoonekana ya kawaida kwa daktari asiyejua habari ya leza inaweza kuwa imepanda.

Kwa hiyo pima presha kabla ya operesheni, halafu wiki ya nne, na kila mwezi muda wote wa kortizoni. Kipimo hiki hakihitaji kurudi Nairobi; daktari wa macho wa hapa anakiweza, mradi umemwambia ulichofanyiwa na unene wa konea uliobaki. Na dawa ikiisha usinunue nyingine famasini kwa kuangalia rangi ya kichupa. Matone mengi yanayouzwa bila karatasi ya daktari yana deksametasoni ndani, ambayo hupandisha presha kuliko fluorometoloni.

Anayepaswa kusubiri, na anayepaswa kuacha

Miwani iwe imetulia, isibadilike zaidi ya dioptri 0.5 kwa mwaka. Kwa wengi hilo halitokei kabla ya miaka 20 na kitu. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri, kwa sababu namba za macho yao huyumba. Lenzi laini za kila siku zivuliwe wiki mbili kabla ya vipimo, ngumu wiki nne au zaidi. Aliyewahi kupata malengelenge ya konea yanayosababishwa na herpesi, mwenye ugonjwa wa kingamwili kama lupusi au baridi yabisi, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa kawaida huambiwa hapana. Wenye keloidi, makovu ya ngozi yanayovimba, walikuwa wakikataliwa. Matokeo yaliyochapishwa baadaye hayakuonyesha kwamba konea zao hupona vibaya, lakini daktari aambiwe. Zaidi ya −8, leza ya juu inadai tishu nyingi mno na ukungu unakaribia. Lenzi inayopandikizwa ndani ya jicho ni mazungumzo bora.

Mwenye miaka 42 na miwani ya −2 afikirie mara mbili. Leo anavua miwani na kusoma Biblia au simu bila shida. Baada ya leza ataona mbali, naye huenda akahitaji miwani ya kusomea mapema.

Retina pia ichunguzwe kwa mboni iliyopanuliwa kabla ya safari yoyote. Jicho refu hubaki refu, na retina yake iliyovutwa inaweza kuchanika miaka kumi baada ya leza iliyofanikiwa. Ukiona ghafla vimulimuli, madoa mengi yanayoelea au pazia upande mmoja, hiyo ni dharura.

Mwishowe karatasi. Mtoto wa jicho akija uzeeni, daktari atahesabu nguvu ya lenzi ya kupandikiza kutokana na mpindo wa konea, na konea iliyochongwa huipotosha hesabu hiyo. Atahitaji namba za zamani: miwani kabla ya leza, mpindo na unene kabla na baada, kina kilichochongwa, upana wa eneo, tarehe na aina ya mashine. Omba hizo zote kabla hujaondoka kliniki. Katika mji ambao lava ya 2002 iliteketeza nyumba na makaratasi yaliyokuwemo, na ya 2021 ikafika tena ukingoni, nakala moja kabatini haitoshi: zipige picha, jitumie kwa barua pepe, na moja umwachie daktari wa hapa atakayekufuatilia presha.